Wewe wa Nyuma, Sogea Mbele

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mchele, na Kidevu alilidharau. Alikuwa mtu wa kudharau makosa makubwa kuliko hilo, tena yakiwa yamevaa tai na kuketi mbele yake kwenye kigoda.

Punje hiyo ilikuwa kwenye picha ya yangeyange. Ndege mwenyewe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja pembezoni mwa bwawa, mweupe pe, akijiona. Nyuma yake, mbali, pale katikati ya maji ambapo hapana gogo wala jiwe wala boya, palikuwa na kidoa cheusi. Kidevu alisonya. Alifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, kisha kwa shati. Kidoa hakikutoka. Basi akamlaumu mkewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Umeishika kamera kwa mikono ya mafuta."

Mkewe alikuwa anakunja mashuka mlangoni mwa studio na hakuinua kichwa. "Kamera yako niishike ya nini, baba? Inamenya vitunguu?"

Hivyo ndivyo walivyozungumza. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, watoto wamekua na kuondoka, na wawili waliobaki walikuwa wakirushiana maneno kama watu wanaocheza mpira wa mezani: hakuna aliyekasirika, hakuna aliyekosa kurudisha. Au ndivyo Kidevu alivyodhani.

Jina la Kidevu alipewa na wateja. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: kigoda kimoja, pazia jeupe, miavuli miwili ya taa, na kioo cha ukutani chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaenda matembezi. Kwa miaka thelathini alikuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho, na mazungumzo yake yote yalikuwa kidevu juu, kidevu chini, si hivyo, hujui kidevu chako kiko wapi. Nyuso za watu alizitazama kama mchinjaji anavyomtazama mbuzi, yaani kwa mafungu. Huyu pua yake imefika kabla ya mwenyewe. Yule masikio yake ni milango miwili iliyosahauliwa wazi. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kigoda kile akainuka akijipenda zaidi.

Mzaha alikuwa nao mmoja tu, na umri wake ulikuwa sawa na wa studio. Mteja akishakaa peke yake mbele ya pazia, amekauka kama ubao, Kidevu alitazama juu ya bega lake na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Na wewe wa nyuma, sogea mbele kidogo." Mteja hugeuka. Nyuma hapana mtu. Hucheka, mabega hushuka, na hapo hapo Kidevu hubonyeza. Akishabonyeza hasemi neno lingine ila moja, tena analisema akiutazama mlango: "Mwingine."

Mkewe alimwita Bi Kope. Hapakuwa na picha yake hata moja, kuanzia ya harusi, ambayo macho yalikuwa wazi. Kamera ikilia tu, kope zinashuka kama pazia la duka. Picha ya harusi Kidevu aliitundika sebuleni, chini kidogo, wageni waione wakiwa wameketi na waicheke vizuri. Siku moja dada mkubwa wa Bi Kope alimwuliza mdogo wake nini kinamshinda kufumbua macho kwa sekunde moja tu. Bi Kope alijibu bila kuacha kuchambua mchele: "Nafumba ili nisione anavyoniangalia." Wote walicheka. Kidevu ndiye aliyecheka zaidi.

Safari za bwawani zilianza kwa dharau pia. Mwenye duka la kuchapa kalenda alikuwa amemwambia kwamba picha zake zote, hata ya keki, zinafanana na mtu anayesubiri hukumu. Kidevu hakulala siku mbili. Mkwe wao alipohamia mbali aliwaachia uani kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wenye viti viwili, na binti yao akawaletea kamera ndogo ya rangi ya machungwa isiyoingia maji hata ukiizamisha. Kidevu akaapa kwamba atawapiga picha ndege wa bwawa kwa usawa wa maji, kutoka chini, jicho kwa jicho, picha ambazo hao wanaobonyeza simu wakiwa wamesimama nchi kavu hawataziota. Kidevu alimchukua Bi Kope kwa sababu kayaki isiyo na mtu mbele huinua pua na kuyumba. Alimweleza hivyo hivyo, kwamba anahitaji uzito. Bi Kope akajifunga kitambaa chake cha kijani kichwani, akasema kwamba hatimaye amepata kazi inayolingana na umbo lake.

Kupiga picha ukiwa majini kuna adabu zake. Unaacha kupiga kasia, unalilaza mapajani, unaiacha kayaki iteleze yenyewe. Kamera unaifunga mkononi kwa mkanda unaoelea. Na lenzi unailamba, kwa sababu tone moja likikaa kwenye kioo linaharibu picha nzima, na mate huyatandaza maji yasigande matone. Lakini Kidevu hakuwa mtu wa kulamba kitu. Yeye alitema. Asubuhi ya kwanza alitemea lenzi, akaisuuza bwawani, na mate yaliyobaki akayatema majini, ptu, kama anayemaliza mabishano. Kisha akamwambia mkewe ageuke, yeye ajaribu mwanga. Bi Kope akageuza uso. Kidevu akatazama juu ya bega lake, pale palipokuwa na maji matupu na ukungu kidogo wa asubuhi, na kwa mazoea ya miaka thelathini akasema.

"Na wewe wa nyuma, sogea mbele kidogo."

Bi Kope hakugeuka kutazama nyuma. Aliujua mzaha huo kuliko alivyoijua namba yake ya simu. Kamera ikalia, kope zikashuka, na Kidevu akasema, "Mwingine."

Wiki iliyofuata punje ilikuwa harage. Ilikuwa kichwa, sasa iliwezekana kuona, kichwa cha mtu aliyezama mpaka kidevuni, na Kidevu alikasirika kwa sababu ilionekana kuna mwanamke asiye na kazi anayeogelea nyuma ya ndege wake. Bwawani hakuwa amemwona. Lakini kioo cha kamera juani huwa kigumu kusoma, na Kidevu hakuwa mtu wa kukiri kwamba kuna kitu hakukiona, basi akasema moyoni kwamba huyo mwogeleaji hata kukaa kwenye picha hajui. Safari ya tatu alikuwa mpaka kifuani. Ya nne, alikuwa hatua chache mbele ya kayaki, amesimama wima juu ya maji yenye kina cha minazi miwili, nywele zimemganda usoni, na katikati ya nywele macho mawili yaliyo wazi kabisa. Kidevu aliyakuza kwenye kompyuta. Akaangalia juu ya jicho, akaangalia chini ya jicho. Hayakuwa na kope.

Hapo alipaswa kuogopa, na mtu mwingine angeogopa. Kidevu alizima kompyuta akasema ni kivuli.

Nyumbani kukaanza kunuka. Haikuwa harufu ya choo wala ya panya, hizo Kidevu alizijua. Ilikuwa ya tope lililolala chini ya maji miaka mingi bila kuona jua, baridi, tamu kidogo, na ilikuwa kali zaidi kwenye mto wa Bi Kope. Mchana, studio ikiwa kimya, alisikia maji uani yakipiga kitu polepole, chwap, chwap, kama mawimbi madogo yanavyogonga ubavu wa chombo. Alitoka kuangalia. Kayaki ilikuwa imepinduliwa juu ya saruji kavu, jua limeichoma mpaka haigusiki. Aliweka sikio. Chwap, ilisema chini yake.

Na Bi Kope akanyamaza.

Mwanzoni Kidevu alifurahi. Alimwambia kahawa imepoa, mkewe akaipasha. Alimwambia pazia la studio limefuliwa vibaya, akalifua upya. Kila neno alilorusha lilianguka upande wa pili wa meza na kubaki hapo. Alijisifu kwa wateja kwamba mke akichelewa kupata adabu si kwamba hapati. Aliyegundua ni shemeji, yule dada mkubwa, aliyekuja kukaa siku tatu na siku ya kwanza tu akamfuata Kidevu studio, akafunga mlango na kusema kwa sauti ndogo ambayo Kidevu hakujua kwamba anayo.

"Shemeji, mdogo wangu hajanisema tangu asubuhi."

Kidevu alimjibu kwamba ashukuru.

"Nimemwambia gauni langu jipya limenipendeza. Akasema ndiyo. Umesikia? Akasema ndiyo. Halafu nimemshika mkono. Umelowa, shemeji. Nimeufuta kwa kanga, umelowa tena. Na tangu nimefika sijamwona akipepesa macho."

Ndipo Kidevu alipoichukua ile kamera ya machungwa, kwa sababu hakuna chombo kingine alichokiamini duniani, akaenda nayo uani ambako mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono mapajani, kitambaa cha kijani kichwani, akitazama mbele kwa utulivu wa mteja mzuri, na akainua kamera bila mzaha na bila kusema kidevu juu wala chini, akabonyeza, akakinga kioo kwa kofia apate kuona. Na kwenye kioo, pale kwenye ngazi, ndani ya gauni la mkewe na kitambaa cha mkewe, alikuwa ameketi yule asiye na kope, na nyuma yake, ambako kwa macho ya kawaida palikuwa na ukuta wa jikoni tu, palikuwa na maji, maji mengi ya kijivu yanayokwenda mpaka mwisho wa picha, na katikati ya maji hayo, mpaka kifuani, mdogo kama harage, alikuwa Bi Kope, na macho yake yalikuwa yamefumbwa kama siku zote.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kidevu alitaka kumwambia mtu kwamba anaogopa. Mtu ambaye angemwambia alikuwa kwenye hiyo picha.

Shemeji alimpeleka kwa mama mmoja aliyekuwa muuguzi mpaka alipostaafu, ambaye watu walimwita Sista na walimwendea kwa mambo ambayo hospitali huyaandikia vidonge vya usingizi. Aliishi chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: kitanda chenye mpira, kiti cha plastiki, saa ya kupimia mapigo ikining'inia kifuani. Kidevu alitazama huku na huku akitafuta moshi na vitambaa vyekundu. Sista alimwona anavyotafuta, akamwambia kwamba ubani aliuacha, unamletea pumu, na kwamba majini wa siku hizi wenyewe hawaupendi. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akapitia picha zote moja baada ya moja, akamfanya Kidevu aeleze kila alichokifanya na kila alichokisema. Kidevu akaeleza. Alipofika kwenye mate, Sista alivua miwani moja. Alipofika kwenye mzaha, akavua ya pili.

"Yaani umemtemea mtu mate mlangoni kwake," alisema, "kisha ukamwita, asogee mbele."

Kidevu alisema ulikuwa mzaha.

"Wewe ulitania. Yeye alitii. Na ulipomaliza kumpiga picha, ulimwambia nini?"

"Huwa sisemi kitu. Nasema mwingine."

Shemeji alijishika mdomo. Sista alimtazama Kidevu kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Basi akaja mwingine," alisema. "Unashangaa nini?"

Aliyemkalia mkewe, alieleza, ni jini wa maji, na majini wa maji wana ugonjwa mmoja, wanapenda kutazamwa. Hakuna kisomo kitakachomwondoa, kwa sababu hakuvunja mlango. Aliitwa kupigwa picha, na hajaambiwa kwamba picha imekwisha. Kila fundi wa picha duniani akimaliza humwambia mtu neno, hata kama ni uongo. Neno gani? Kidevu alilijua. Alikuwa akilisikia studio za wenzake, akiwacheka kwa kulisema. "Umetoka vizuri," alisema, na lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

"Ndilo. Mtu akiambiwa ametoka, anatoka. Mrudishe palepale, kwenye kiti kilekile, kwa kamera ileile, umtazame yeye umwambie. Lakini sikiliza, bwana. Hadanganyiki. Neno hili halifuati mdomo, linafuata moyo. Lazima umsifu kwa kweli. Moyo wako ukimsifu mtu mwingine, atakayetoka ni huyo mwingine, na huko atakakokwenda hakuna mlango wa karibu wa kurudi."

Kidevu aliuliza itakuwaje ikiwa hajawahi kumsifu mtu kwa kweli.

"Nimekuona," alisema Sista. "Ndiyo maana nina wasiwasi."

Wakaenda asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshatoka na ukungu bado umelala juu ya bwawa kama maziwa kwenye sufuria. Yule aliyevaa kitambaa cha kijani aliingia kiti cha mbele bila kuambiwa. Kayaki haikuzama pua kama ilivyozoea. Iliinua pua, kana kwamba mbele hapana mtu. Shemeji alibaki ukingoni, viatu mkononi. Kidevu alipiga kasia mpaka katikati, akalilaza mapajani, akaiacha kayaki iteleze. Hakukuwa na yangeyange hata mmoja. Hakukuwa na sauti ila chwap, chwap ubavuni, na ile harufu ikapanda kutoka majini mpaka ikawa kama kitu kinachoweza kushikwa. Aliilamba lenzi, kwa ulimi, polepole, na maji ya bwawa yalikuwa na ladha ya chuma. Akainua kamera. Mbele yake uso uligeuka wenyewe, bila kuombwa.

Alikuwa mteja ambaye Kidevu alimtafuta kwa miaka thelathini. Kidevu chake kilikuwa mahali pa kidevu. Mabega yalikuwa sawa, pua ilikuwa katikati, masikio yote mawili yalikuwa yanafanana, na macho yale yalikuwa wazi, wazi kabisa, hayapepesi, hayachoki, yanangoja, na Kidevu aliutazama uso ule kwenye kioo kidogo cha kamera akitafuta ndani yake neno la sifa ambalo lilipaswa kuwa rahisi, kwa maana hakuona kosa hata moja la kumzuia, akasogeza macho kutoka paji mpaka shingoni kama alivyofanya kwa maelfu ya watu, na kadiri alivyokosa kosa ndivyo alivyoona kitu kinapanda kifuani mwake ambacho alikitambua mara moja, maana walikuwa wamezeeka pamoja. Ilikuwa dharau, dharau safi, ya uso usio na kitu cha kuucheka, na huku akijua kwamba hiyo siyo, kwamba lazima aiondoe haraka amsifu huyu wa mbele, huyu huyu, macho yake yaliteleza kidogo tu, juu ya bega, nyuma, kule mbali kwenye ukungu, ambako mkewe alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka shingoni, mdogo kama punje, macho amefumba, mdomo umepinda upande kama mtu mwenye jibu tayari ambaye anangoja tu wewe umalize ujinga wako, na Kidevu akamwona. Alimwona yote, kwa pamoja, si kwa mafungu. Na neno likamtoka kabla hajalishika.

"Umetoka vizuri," alisema, na lilikuwa kweli kuliko neno lolote alilowahi kusema.

Kwenye kioo, punje ikazama. Haikupiga hata kelele. Maji yakafunga juu yake, yakatulia mpaka mwisho wa picha.

Kidevu alishusha kamera. Kwenye kiti cha mbele, yule mwenye kitambaa cha kijani alikuwa bado anamtazama, na sasa, kwa mara ya kwanza, alicheka, kicheko kidogo cha puani.

"Asante," alisema kwa sauti ya Bi Kope, ambaye katika miaka ishirini na mbili hakuwahi kumshukuru Kidevu kwa kitu. "Turudi nyumbani. Uzito wako unayumbisha."

Ukingoni shemeji alimtazama anayeshuka, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga, na hakukanyaga tena nyumba ile.

Kidevu alirudi kwa Sista peke yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaomba alaumiwe. Sista hakumlaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimwuliza tu ikiwa sasa anaweza kumsifu yule wa nyumbani kwa moyo. Kidevu alisema amejaribu, kila asubuhi anajaribu. Anapika vizuri, hajibu, hachelewi, hana kosa. Moyo hausogei hata kidogo. Sista akapima mapigo yake mwenyewe kwa ile saa, kana kwamba ndiyo kazi pekee iliyobaki chumbani.

"Basi umebaki na neno lingine," alisema. "Yule wa kwanza ulimwita kwa mzaha, akaja. Huyu mkeo mwite kwa kweli. Kiti ni kimoja. Akifika mwenyewe, mgeni atainuka. Ila huyu si jini, bwana. Yeye halazimiki kutii. Atakuja akitaka."

Wateja wanasema siku hizi Kidevu amekuwa mpole mpaka anatia wasiwasi. Hataji pua ya mtu. Mzaha wake ameuacha, na akimaliza kazi hasemi mwingine. Anafungua mlango mwenyewe na kungoja kimya aingie atakayeingia. Picha ya harusi ameipandisha juu. Mkewe, wanasema, ni mwanamke mtulivu ajabu, anatoka vizuri kwenye kila picha, kasoro yake ni mikono tu, huwa imelowa.

Na kila asubuhi anakwenda bwawani. Mwingine, maana ndivyo anavyomwita moyoni yule wa nyumbani, hukaa mbele, kwa kuwa hakosi safari yenye kamera. Kidevu huacha kasia, hulamba lenzi, huelekeza kamera juu ya bega lake, kwenye maji matupu, na kusema. Wiki nne picha zilikuwa maji. Wiki ya tano ilitokea punje. Alilia mpaka kayaki ikayumba. Tangu siku hiyo amepiga picha zaidi ya mia mbili za ile punje, na haijakaribia.

"Hatasogea," Mwingine alimwambia jana, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa na uvivu wa mtu anayesafisha kucha, na kile kicheko cha puani. "Miaka ishirini na mbili alikaa hatua moja kutoka kwako. Ulimwona? Sasa yuko mbali ndiyo unamwona. Ningekuwa yeye ningekaa hukohuko nikakucheka."

Kidevu alilamba lenzi tena. Aliinua kamera. Akaegemeza viwiko kwenye magoti, kama wanavyofanya wanaojua kazi.

"Wewe wa nyuma," alisema polepole. "Sogea mbele kidogo. Tafadhali, mama."

Akabonyeza. Akavua kofia, akakinga kioo na jua, akakuza picha mpaka ikaanza kuvunjika vipande vya rangi. Punje ilikuwa palepale. Haikusogea hata upana wa kidole. Lakini jicho moja lilikuwa limefumbuliwa, kidogo tu, kama la mtu anayechungulia aone siku hizi anaangaliwaje.

Kwenye kiti cha mbele, Mwingine aliacha kucheka.